Spika ya Krismasi Haifiki Pasaka: Nani Anaziua Betri Kule Kirua Vunjo?

Desemba ikigonga hodi, kila mtu Bongo anajua kinachofuata: Wachagga wanapanda nyumbani. Mabasi ya Dar kwenda Moshi yanajaa mpaka basi, barabara ya Moshi kwenda Himo inakuwa foleni kama Mbagala, na ukishakunja kupanda Kirua Vunjo, hata migomba inacheza muziki. Kila kihamba na spika yake. Huku singeli, kule kwaya, jirani naye kafungulia amapiano mpaka mbege inatikisika kwenye kata. Wiki mbili hizo kulala ni bahati.

Januari ikianza, watu wanashuka kurudi mjini. Spika nyingi zinabaki juu, zawadi kwa wazee. Alafu hao hao walioziacha wakirudi Pasaka wanakuta kitu kimekufa. Hakiwaki wala hakipokei chaji. Kipo tu juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama picha ya marehemu.

Hapo sasa ndo lawama zinapoanza, na karibu kila mara zinamwangukia mtu asiyestahili.

Kuna kijana mmoja, jina libaki kapuni, yuko Dar, kazi yake nzuri na mtandaoni ana watu wake. Krismasi iliyopita alimpelekea bibi yake kule Kirua spika ndogo ya kisasa: ina redio, inasoma memori kadi, ina Bluetooth, ina taa za rangi zinazopepesa kama ukumbi wa disko, na mgongoni ina kipande cha sola. Memori kadi aliijaza kwaya na nyimbo za dansi za zamani. Bibi alifurahi mpaka machozi. Picha ikapigwa, ikapandishwa, watu wakaandika "Mungu akubariki kijana".

Miezi mitatu baadaye spika kimya. Kijana akaingia kwenye grupu la familia la WhatsApp na kumwaga: "Bibi naye jamani, kitu cha maana kama kile unaanika juani na maharage? Mimi sinunui tena." Wajomba wakacheka, mashangazi wakatuma vikatuni vya kulia machozi ya kicheko. Bibi simu yake ni ya kitochi, hayumo kwenye grupu, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kujitetea. Mazungumzo yakavuja, yakazunguka kwenye simu za ukoo na za majirani, na huko nako watu wakamalizia kumcheka bibi wa watu.

Sasa ngoja atetewe.

Bibi alisoma shule ya mawe

Ukitaka kujua kwa nini bibi aliianika spika juani, rudi nyuma kidogo. Kabla ya lithiamu kulikuwa na mawe. Watoto wa 2000 wanaweza wasilijue hilo neno, lakini waulize wazazi wao. Mawe ndiyo zile betri za duara za redio na tochi, National kwa mfano, ambazo zilikuwa zikitengenezwa hapa hapa Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Redio ilikula mawe manne au sita, na mawe yalikuwa hela. Mzee mwenye redio alikuwa na wageni kila jioni, na mzee mwenye redio yenye mawe mapya alikuwa mheshimiwa kabisa.

Kwa hiyo watu walijifunza kuyafanya yaishi. Mawe yakichoka, unayatoa kwenye redio na kuyaanika juani tangu asubuhi, ukiyarudisha jioni redio inaongea tena, angalau taarifa ya habari inaisha. Wengine waliyang'ata kwa meno, wengine waliyagonga kwa jiwe yabonyee kidogo. Wenye redio kaseti walikuwa na ujanja wao: kurudisha mkanda nyuma kwa mota kulikula mawe vibaya mno, kwa hiyo kaseti ilitolewa, ikachomekwa kalamu ya Bic kwenye tundu, ikazungushwa kwa mkono mpaka wimbo ulipoanzia. Sony walipoleta Walkman mwaka 1979, ikitumia betri mbili ndogo, kalamu ikaendelea na kazi yake ile ile. Vijana wa mjini wenye hedifoni masikioni walikuwa wanazungusha kaseti kwenye daladala na hakuna aliyewacheka.

Na ule ujanja wa jua haukuwa uchawi. Mle ndani ya jiwe kuna zinki na kemikali zinazozalisha umeme polepole. Likichoka, mara nyingi bado kuna kemikali hazijatumika, ila mwendo wake umekuwa mzito. Joto linaziamsha kidogo, na kule kupumzika kunalipa jiwe nafasi ya kujipanga upya. Ukishamaliza hicho kidogo kilichobaki, imetoka hiyo. Lakini kwa mtu ambaye duka lilikuwa mbali na mfuko mtupu, saa moja ya redio ilikuwa ushindi.

Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo bibi. Ilimfaa miaka 40. Ikamletea habari, ikamletea salamu, ikamletea matangazo ya vifo ili ajue nani wa kwenda kuzika. Akaletewa kitu kipya, akaambiwa ni redio, akakitunza kama redio. Tena kumbuka, mgongoni kina sola! Kitu chenyewe kinamwambia "niweke juani". Hivi kweli hapo mjinga ni nani?

Jua lile lile, betri nyingine

Kilichobadilika ni kilichomo ndani. Spika hizi za kisasa, simu na redio ndogo za kuchaji zinatumia betri za lithiamu, teknolojia ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991 na ambayo mwaka 2019 iliwapa wanasayansi watatu tuzo ya Nobel ya kemia. Ni betri nzuri kuliko zote zilizopita: nyepesi, ina nguvu, inachajiwa mara mamia. Lakini tabia zake ni kinyume kabisa na za mawe. Jiwe lilipenda jua, lithiamu jua linaiua.

Joto likizidi, kemikali za mle ndani zinaanza kuharibiana zenyewe kwa zenyewe, na huo uharibifu haurudi nyuma. Betri haifi siku hiyo. Inapoteza kidogo leo, kidogo kesho, mpaka ile iliyokuwa inapiga muziki saa nane inapiga saa mbili. Watengenezaji wengi wanasema usiichaji kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Kitu cheusi cha plastiki kikiwekwa juani saa saba mchana, kwenye bati au juu ya mkeka wa maharage, kinapita hapo bila jasho. Na kile kisola cha mgongoni kina kashfa yake: ni kidogo mno, kinaingiza chaji ya kubembeleza, huku spika nzima inaoka. Faida senti tano, hasara shilingi.

Ukiwa na spika au redio ya namna hiyo, dawa ipo. Ipate sola ya pembeni yenye waya. Paneli ndiyo ikae juani, redio ikae kivulini, hata chini ya mgomba. Jua linafanya kazi yake, betri haipikwi.

Joto ni muuaji wa kwanza. Wa pili ni kuiacha ife kabisa. Spika ikikata chaji leo halafu ikakaa miezi miwili bila kuguswa, betri inaendelea kushuka yenyewe pole pole mpaka chini ya kiwango ambacho kifaa kinakubali kuichaji. Ukichomeka chaja, taa haiwaki. Watu wanasema imeungua, kumbe ilikufa njaa. Wa tatu ni kuiacha imejaa tele kwa muda mrefu, hasa penye joto. Kama kitu hakitatumika kwa miezi, kikae na nusu ya chaji, mahali penye ubaridi. Basi.

Na ile hadithi ya "lazima uimalize mpaka izime ndo uchaji", ambayo watu bado wanafundishana mitaani, ilitoka kwenye betri za zamani za kuchaji zilizokuwa na nikeli. Kwa lithiamu ni ushauri mbaya. Betri hizi zinahesabiwa kwa mizunguko, nyingi zinatoa 300 hadi 500 kabla hazijachoka vya kuonekana. Mzunguko mmoja ni asilimia 100 kwa jumla: ukitumia nusu leo na nusu kesho, umetumia mmoja tu. Kwa hiyo kuchaji kidogo kidogo hakuipunguzii maisha. Kuikamua mpaka tone la mwisho kila siku ndo kunaipunguzia.

Wajanja wa mjini nao wana makosa yao

Hapa ndipo wale waliomcheka bibi wakae vizuri kwenye viti.

Huyo huyo kijana aliyelalamika kwenye grupu, safari ya kupanda Desemba spika aliiweka wapi? Kwenye dashibodi ya gari, Dar mpaka Moshi, jua linapiga kioo. Hiyo ni kuanika juani kwa mtindo wa kishua. Kabla ya hapo ilikuwa inachajiwa usiku kucha kitandani, imefunikwa na mto, inachemka mpaka ukiigusa unatoa mkono. Mwisho ikafika Kirua ikapigwa kwa sauti ya mwisho wiki mbili mfululizo, inakata, inachomekwa, inakata, inachomekwa, mara nyingine inachajiwa huku inaunguruma. Bibi alikabidhiwa betri ambayo tayari imeshachakazwa. Alafu lawama zote zake.

Na hii ya sauti ya mwisho watu waielewe vizuri, maana ndo siri kubwa kuliko zote za kuifanya spika idumu na chaji. Sikio la binadamu lina maringo. Ili lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, spika inahitaji nguvu ya umeme karibu mara kumi. Ukigeuza hesabu upande wa pili, ukishusha sauti ibaki nusu ya unavyoisikia, ile kazi ya kusukuma spika inabaki kama sehemu moja ya kumi. Umeme mwingine bado unaliwa na redio yenyewe, Bluetooth na zile taa, lakini tofauti unaiona kwa macho. Spika iliyokuwa inakata saa mbili usiku inafika misa ya asubuhi. Besi nayo inakula mno, kwa sababu kusukuma zile sauti nzito ndo kazi ngumu ya spika. Taa za disko zizimwe, hakuna anayecheza disko saa nne asubuhi anachuma kahawa.

Wanaopigia muziki kwenye simu wana ishu nyingine. Kirua Vunjo ni matuta na mabonde, ukiwa kwenye korongo mtandao unakuja na kuondoka. Simu ikikosa mtandao mzuri inapandisha nguvu zake kuutafuta, na hapo betri inayeyuka hata kama hujagusa kitu. Mtu anasikiliza nyimbo za kutiririsha kwenye intaneti akiwa bondeni, anashangaa chaji imeishia wapi. Nyimbo zishushwe mapema ukiwa Moshi mjini, ziwekwe kwenye simu au memori kadi, alafu simu iwekwe kwenye kile kialama cha ndege. Ukitaka redio, zipo simu zinazopokea FM kwa kuchomeka hedifoni ya waya, bila bando hata la mia. Kioo kizimwe. Muziki unasikilizwa kwa masikio.

Wanaojua kutunza betri wako juu zaidi

Kama kuna watu wa kuwapa mafunzo mastaa wa mtandaoni, ni wale vijana wa Kilimanjaro wanaobeba mizigo ya watalii. Kwao chaji ni mali. Wanakaa mlimani siku tano, sita, saba, na muziki kwenye kispika kidogo ndo unaopandisha morali kambini. Juu kule tatizo linageuka: hakuna joto, kuna baridi. Usiku wa kuelekea Uhuru, mita 5,895, kipimo kinashuka chini ya sifuri, na baridi inaifanya betri ya lithiamu izubae. Simu inaonyesha asilimia 40, mara pap, imezima. Mtalii anadhani imeharibika.

Mpagazi hahangaiki. Anaiingiza kifuani ndani ya koti, inapata joto la mwili, inawaka tena na ile 40 yake. Usiku simu, spika na pawa benki vinalala naye ndani ya begi la kulalia. Na anajua asiichaji betri iliyoganda, aiache kwanza irudi kwenye hali yake, maana kuichaji kwenye baridi ya chini ya sifuri kunaiumiza kwa ndani.

Huku chini Kirua hakuna baridi ya kiwango hicho, hata Julai ukungu ukishuka mpaka mlangoni. Kwa hiyo wazee wasitishwe. Baridi ya vihambani inaipenda betri. Hatari ya Kirua Vunjo ni jua la Januari na Februari, na zaidi kule chini kuelekea Uchira ambako joto halina utani.

Betri ikifa kweli, msikimbilie kutupa kitu kizima

Habari njema ambayo wengi hawaijui: redio nyingi ndogo na spika za bei ya kawaida zinatumia betri za kubadilisha. Fungua mfuniko wa nyuma. Ukikuta kibetri bapa, kuna uwezekano mkubwa ni BL-5C, ile ile ya simu za zamani za Nokia, ambayo halisi ina miliampea-saa 1,020. Redio inayovuta miliampea 100 inapiga kama saa 10 kwa betri hiyo. Ukikuta betri ya duara ndefu kuliko jiwe dogo la rimoti, hiyo ni 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Fundi simu yeyote anazijua. Duka la Mangi la mtaani mara nyingine linazo.

Ila macho yawe wazi. Betri ya 18650 iliyoandikwa 9900 ni uongo mweupe. Halisi zilizo bora kabisa zinacheza kwenye 3,500 hivi, nyingi ziko chini ya hapo. Namba kubwa kwenye karatasi haipigi muziki. Na kabla ya kununua BL-5C iliyotumika, ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba tumboni, iache hapo hapo. Betri iliyovimba haitobolewi, haibonyezwi, haing'atwi kama mawe. Ya mawe ukiing'ata unachafua meno. Ya lithiamu inaweza kuwaka moto, na nyumba ya mbao haina muda wa kusubiri zimamoto kutoka mjini.

Kwa wale ambao bado wana redio za mawe, na wapo wengi tu, sheria ni chache. Mapya yasichanganywe na ya zamani, maana ya zamani yanayavuta mapya chini. Redio isipotumika kwa muda, mawe yatoke, yasije yakatoa majimaji na kuozesha zile spring. Zikishika kutu, zisuguliwe na kitambaa kikavu. Na yakiisha kabisa, yasitupwe kwenye migomba wala shimoni. Kile kihamba ndicho kinalisha ukoo.

"Si anunuliwe tu nyingine?"

Hii hoja ipo na inasemwa na watu wenye hela zao: vitu vyenyewe bei rahisi, kelele za nini? Ikifa nunua nyingine.

Kwanza, mnunuzi yuko Dar na anakuja mara mbili kwa mwaka. Kati ya Februari na Desemba kuna miezi mingi ya ukimya. Ukiishi mjini, muziki ni starehe, unawasha ukitaka, ukichoka unazima, kelele za mtaa zipo tu. Kule juu watoto wameondoka, wajukuu wameondoka, saa kumi na mbili ukungu umeshuka, nyumba ni moja na mtu ni mmoja. Ile redio ndo mtu wa pili. Inamwimbia kwaya, inamsomea habari, inampa Sauti ya Injili kutoka Moshi asubuhi, inamtangazia kwamba fulani wa Kilema hayupo tena, mazishi lini. Ikizima, bibi hapotezi burudani peke yake. Anapotezewa mwenzake.

Pili, bibi hasemi. Hilo ndilo linalouma. Wazee wa kule hawapigi simu kulalamika kwamba zawadi imekufa. Anaona aibu, anaogopa kuonekana kaharibu hela ya mjukuu. Anakaa kimya nayo, mpaka Pasaka mje mgundue wenyewe, na mkigundua mnamcheka kwenye grupu asilokuwemo.

Wengine watasema basi wazee wapewe redio ya mawe tu, wanaijua. Kuna ukweli hapo, tena mkubwa. Kwa nyumba isiyo na umeme wa uhakika, redio inayokubali yote mawili, mawe na kuchaji, ni zawadi yenye akili kuliko spika ya taa saba. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, yuko kazini tangu 2007 na nguzo zimepanda hadi juu, lakini umeme kufika kijijini na umeme kuwepo jioni hii ni mambo mawili tofauti. Ila kusema wazee hawawezi kujifunza lithiamu ni dharau. Mtu aliyejua jiwe linahitaji saa ngapi za jua ili lisome taarifa ya habari ni fundi. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba sheria zimebadilika.

Na kumwambia huko kunachukua dakika tano. Kijana akae na bibi yake, apige shikamoo yake vizuri, amweleze kwa Kiswahili au Kichagga chake kilichobaki: "Bibi, hii haina mawe. Jua linaiua. Iweke ndani penye kivuli. Ukiona taa nyekundu, ichomeke, usisubiri izime. Ikijaa, itoe. Sauti iwe ya kuisikia wewe, sio ya kuisikia jirani. Taa hizi nazizima, usiziwashe. Na kama unasafiri kwenda kwa shangazi mwezi mzima, iache nusu." Sentensi nane. Wale wanaopenda kuandika waandike kwa herufi kubwa, karatasi ibandikwe ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Mjukuu mdogo aliyebaki shule ya msingi pale kijijini akabidhiwe usimamizi, atafurahi kuliko mtu aliyepewa ubunge.

Kijana wetu wa Dar hajasema kama atanunua nyingine. Taarifa kutoka kwa watu wa karibu ni kwamba shangazi mmoja, mwenye duka lake Himo na mdomo wake, alimjibu kwenye lile lile grupu: "Ulimwachia chaja, hukumwachia maneno. Sasa unamdai nini mama yangu?" Grupu likakaa kimya siku nzima, na hakuna katuni hata moja iliyotumwa.

Tena inasemekana fundi wa pale pale Himo aliifungua ile spika na kukuta BL-5C imevimba. Kabadilisha. Imewaka.

Haya wadau, Desemba haiko mbali. Wewe ulimpelekea nani spika, na ulimwachia maneno? Na nyumbani kwenu, mawe yalikuwa yanaanikwa wapi: kwenye bati, dirishani au juu ya jiwe la kuota jua? Tiririka hapo chini.